Jani la Masika

"Sadiki, changanya na utupa kidogo," mkubwa wangu wa kazi, Bwana Tendwa, aliniambia asubuhi moja tukiwa tumesimama kando ya dimbwi. "Wageni wanafika saa sita. Sitaki waone kitu kinachotikisika humo ndani."

Nikamjibu, "Sawa."

Hakunitisha wala hakunibembeleza. Aliniambia mara moja tu, nami nikakubali kama mtu aliyeombwa kiberiti. Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Ujiji, nilijua utupa ni kitu gani. Ni kichaka cha kawaida tu, watu wanakipanda pembeni mwa mihogo kufukuza fuko, lakini ukiponda majani yake ukayatia majini, samaki wanalewa na kuelea matumbo juu. Marehemu baba alikuwa akisema anayevua kwa utupa anavua mara moja. Nilijua yote hayo na bado nikasema sawa.

Sasa nyinyi vijana wa hapa Katubuka, mnaootesha miche ya mwarobaini nyuma ya msikiti, mmeniletea karatasi yenye maswali matatu. Mnataka kujua maji ya majani ya kuua mbu tuliyatengenezaje miaka ile ya wakimbizi, watu waliyakubalije, na mvua zikianza kusomba dawa tulitumia jani gani. Nitajibu, ila mnivumilie. Mzee akilazimishwa kusimulia kwa mpangilio husahau yale yenye utamu.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama nzuri ya baiolojia na hakuna kingine cha kujivunia. Wakati huo watu walikuwa wanavuka kutoka Burundi kwa mitumbwi na kwa miguu, wanashukia Kagunga na vijiji vya jirani, wanasubiri kupelekwa kambini bara. Wengine walikuwa na ndugu waliotangulia miaka mingi nyuma, wakabaki nao palepale ufukweni. Vijiji vilivyozoea watu mia vikajikuta na watu wa kujaza uwanja wa mpira. Na penye watu wengi wanaolala nje, mbu hahitaji mwaliko.

Nikaajiriwa kuwa msaidizi wa afya katika kijiji kimoja kusini kidogo ya Kagunga. Nilikabidhiwa buti, kofia na bomba la kupulizia dawa la kubeba mgongoni. Dawa yenyewe, niliambiwa, inakuja na boti ya Jumanne. Jumanne nyingi zilipita. Nikawa natembea kijijini na bomba tupu mgongoni, nikiligongagonga ili watu waone serikali ipo. Wakanipa jina, Bwana Mbu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu viluwiluwi vya mbu. Pale kijijini kuna kijito kinachoingia ziwani. Kiangazi mawimbi yanaziba mdomo wake kwa mchanga, linabaki dimbwi refu nyuma ya ufukwe, limezungukwa na matete. Nikachota maji kwa kopo, nikahesabu, nikaandika ripoti ndefu kwamba viluwiluwi ni wakubwa, weusi, wanene, na wengine wameanza kuota miguu. Bwana Tendwa alisoma ripoti ile akiwa Kigoma mjini, akaja na boti siku ya pili yake.

"Sadiki," akasema, "hawa ni watoto wa chura."

"Nilishangaa miguu, bwana mkubwa."

"Ukishangaa, uliza."

Hilo ni funzo langu la kwanza kwenu. Kiluwiluwi cha mbu ni chembamba kama uzi wa sindano, kinaning'inia kichwa chini kwenye uso wa maji, ukikitisha kinajinyonganyonga na kuzama. Chenye miguu kiacheni kiende zake.

Aliyenicheka zaidi kuhusu vyura alikuwa Bibi Generoza. Alikuwa mama wa makamo kupita kidogo, Mrundi, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alivuka na kinu chake kidogo kichwani, na mbegu amezifunga kwenye pindo la kitenge. Watu wengine walibeba magodoro. Nilipomuuliza kwa nini kinu, alisema, "Godoro linalala tu. Kinu kinafanya kazi." Alikuwa akiishi kwenye kibanda cha matete karibu na dimbwi, na kwenye kuta za kibanda kile yalining'inia mafungu ya majani kama duka la mitumba.

Siku ya kwanza alinisimamisha, akagonga bomba langu kwa kidole. Likalia ngoo.

"Mwana wanje," akasema, ndiyo "mwanangu" kwa kwao, "unabeba nini humo?"

"Dawa ya mbu, bibi."

"Mbona linalia njaa?"

Wanawake waliokuwa wanafua wakaangua kicheko. Nami nikacheka, maana ningefanya nini. Jioni nikarudi kwake bila bomba, nikamwambia, Shikamoo bibi, nifundishe. Akanitazama miguu mpaka kichwa, akanipa mchi.

Maji yake aliyatengeneza hivi. Majani ya mwarobaini mabichi, yaliyokomaa lakini hayajaanza unjano, unayachuma asubuhi, unayatwanga kinuni mpaka yawe kama mboga ya kisamvu kabla haijapikwa. Unayatia kwenye ndoo yenye maji ya kawaida, unafunika, unaweka kivulini mpaka kesho yake. Unachuja kwa kitambaa, ukikamua kwa mikono miwili. Unaparuza sabuni ya mche kidogo, kiasi cha ukucha tu, unakoroga ili dawa ishike maji. Unamwaga jioni jua likiwa limepoa, kwa sababu jua linaiua nguvu yake. Na unarudia baada ya siku chache, huwezi kumwaga leo ukakaa mpaka Idi. Mbegu zake zina nguvu kuliko majani, ukizipata zitwange pia. Ndani ya nyumba alitumia kivumbasi, na mmea mmoja wenye majani ya manyoyamanyoya na harufu kali aliouita umuravumba. Aliyafunga mafungu akayaning'iniza mlangoni, au akayafukiza kidogo kwenye kigae. Wala msije mkasema Mzee Sadiki katuambia tuache vyandarua. Generoza mwenyewe alilala kwenye chandarua. Alisema majani ni ya kumpunguza mbu, chandarua ni cha yule aliyebaki.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa na kidato cha nne, nikaona utaratibu wake ni wa kizamani. Kwa nini kusubiri siku nzima wakati moto upo? Nilipokwenda mapumziko nyumbani Katubuka nikachuma mwarobaini gunia zima, nikachukua sufuria kubwa ya mke wangu Zuhura, ile ya pilau, nikachemsha majani mpaka nyumba ya tatu wakauliza nani mgonjwa. Nikarudi kijijini na madumu mawili ya supu nyeusi, nikamwaga kwenye kidimbwi cha pembeni, nikangoja. Viluwiluwi vikaogelea humo kama watoto wa shule siku ya mwisho wa muhula.

"Umechemsha?" Generoza akauliza.

"Nimechemsha, bibi."

"Ariko wewe! Umeipika dawa mpaka ikafa. Sasa umewapa chai."

Na balaa lenyewe lilikuwa Katubuka. Uchungu wa mwarobaini ukakaa kwenye sufuria ya Zuhura. Akaisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu. Wiki mbili baadaye nikarudi, akanipikia samaki, migebuka ya nazi, kwenye sufuria ileile makusudi, akaketi kunitazama.

"Tamu?" akaniuliza.

"Ina... ladha ya afya."

"Basi maliza. Na ukimaliza, kuna wali."

Nilimaliza. Mpaka leo, akiona nimebeba jani lolote hata la mchicha, Zuhura husimama mlangoni mwa jiko akasema, "Sufuria zangu zina mwenyewe."

Kosa langu jingine lilitokea kwenye hema la zahanati. Generoza aliniambia kivumbasi kifukizwe kidogo kwenye kigae. Nikafikiri, kama kidogo kinafukuza mbu, kingi kitafukuza ukoo mzima. Nikaweka mzigo kwenye karai la makaa katikati ya hema. Mbu walitoka, ni kweli. Walitoka pia mama wajawazito sita, mzee aliyekuwa haongei tangu juzi, na muuguzi aliyekuwa akinitukana kwa Kiha huku macho yanamtiririka. Yule mzee, alipofika nje, ndipo alipoongea mara ya kwanza. Alisema, "Mwacheni mbu aning'ate." Generoza alicheka mpaka akakaa chini mchangani.

Lakini kucheka si kukubaliwa. Swali lenu la pili ndilo lilikuwa gumu. Wenyeji wa kijiji hawakuwa watu wabaya, wengi walikuwa na shangazi ng'ambo, Kiha na Kirundi wanaelewana bila mkalimani. Ila wageni walikuwa wengi, kuni zimekwisha, na maneno yakaanza kuzunguka kwamba wakimbizi wataharibu maji. Sasa fikirini: katikati ya maneno hayo, mama wa Kirundi anataka kumwaga kitu cha kijani kwenye dimbwi la kijiji! Dimbwi lile wanawake walifulia, walimwagilia bustani, na perege wadogo waliokulia humo walikuwa kitoweo siku ambazo ziwa limechafuka. Mama Sauda, mwenye bata wengi kuliko wote, alisimama mbele yake amejifunga kanga kiunoni.

"Mgeni, humwagi kitu hapo. Bata wangu wanaoga humo."

"Ego, mama. Una haki," Generoza akajibu. "Basi tumuulize Hakimu."

"Hakimu gani?"

Generoza akaenda na kitambaa, akavua perege mmoja mdogo mzima kwenye dimbwi. Akamtia ndani ya ndoo ya maji, akamwaga humo dawa ya majani kwa kipimo, halafu akaketi pembeni na kuanza kuchambua maharage. Watu wakakusanyika. Kila baada ya muda Mama Sauda anachungulia. Jua likatoka upande wa mlima likafika upande wa ziwa. Perege anazunguka tu ndani ya ndoo, anatafuta mlango. Mwisho Generoza akachota maji yaleyale, akanawa uso na mikono mbele ya watu wote, akamrudisha samaki kwenye dimbwi.

"Hakimu amekaa," akasema.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Kila ndoo mpya kabla haijamwagwa lazima Hakimu akae ndani tangu asubuhi mpaka alasiri, ndooni, njiani, mahali penye watu. Ukipita unauliza, "Hakimu amekaa?" Unajibiwa, "Amekaa." Hata wavuvi wakishusha dagaa walikuwa wakiulizia hali ya Hakimu. Mama Sauda akawa wa kwanza kuleta chupa yake ajaziwe ya kumwaga kwenye mapipa ya maji ya bustani. Baadaye kila nyumba, ya mwenyeji na ya mgeni, ilikuwa na chupa ya Generoza nyuma ya mlango. Nami nikapandishwa cheo. Sikuwa tena Bwana Mbu. Wakaniita Bwana Majani, na niwaambie kweli, sijawahi kupewa jina nililolipenda kama hilo.

Kazi ikaenda vizuri kiangazi chote. Kitu kimoja tu kilinisumbua, nacho ni mvua. Nikamuuliza Generoza: mvua zikija, mto ukijaa, mwarobaini wetu si utasombwa wote ziwani?

"Utasombwa," akasema. "Masika ina jani lake. Halisombwi, linashika kwenye matete na kwenye tope."

"Lipi hilo?"

"Oya, hapana, mwana wanje. Halifundishwi kiangazi. Linachipua mvua ya kwanza ikipiga mlima. Kabla ya hapo utaonyeshwa mti mkavu, nawe una kidato cha nne, utachuma mti mwingine ukachemsha." Akacheka. "Mvua ya kwanza tutapanda mlima pamoja. Nitakuonyesha linavyoota, nawe hutalisahau."

Nilisubiri siku hiyo kama mtoto anayesubiri nguo za sikukuu. Mawingu yalikuwa yameanza kurundikana upande wa Kongo kila alasiri. Zilibaki siku chache tu.

Ndipo Bwana Tendwa akaleta habari ya wageni, wakubwa kutoka mbali waliokuwa wanakuja kuona kijiji kinachopambana na mbu kwa majani. Alifika siku moja kabla yao. Asubuhi iliyofuata akachota maji ya dimbwi kwa kopo, akayainua juani. Viluwiluwi kama kumi vikajinyonganyonga humo.

"Sadiki! Hivi ni nini?"

Nikamweleza kama Generoza alivyonieleza. Mwarobaini hauui papo hapo. Kiluwiluwi kinaendelea kuogelea siku kadhaa, lakini hakikui, hakigeuki kuwa mbu. Ukitaka kujua dawa imefanya kazi usitazame kopo, tazama mabega yako jioni.

"Wageni hawakai mpaka jioni," akasema. "Wanatazama kopo, wanapiga picha, wanaondoka. Wakiona haya wataandika kwamba majani ni porojo." Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa na hofu kwamba kazi itafungwa, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Akaelekeza kidole kwenye kichaka cha utupa pembeni mwa shamba la mihogo. Mengine nimeshawaambia.

Generoza alikuwa amekwenda na wanawake wenzake kutafuta kuni. Kinu chake kilikuwa nje. Nilitwanga utupa kwenye kinu chake, vijana wangu. Nilijua desturi, na ndoo ilikuwa pale, na perege walikuwa wanaruka kwenye dimbwi hatua tano kutoka nilipokaa. Sikumwita Hakimu. Nilijua angesema nini.

Wageni wakafika na boti saa sita na nusu. Kopo likachotwa, maji safi, hakuna kinachotikisika. Bwana Tendwa akatabasamu. Kisha mgeni mmoja, mama mwenye kofia pana, akanyoosha mkono kuelekea kwenye matete.

"Na wale samaki?"

Perege walikuwa wanapanda juu mmojammoja, matumbo meupe, midomo inafunguka na kufumba. Wengine walizunguka upandeupande kama walevi wa pombe ya ndizi. Bata wa Mama Sauda walikuwa wanawashangilia.

"Wamepumzika," Bwana Tendwa akasema. "Ni joto."

Ningekuwa nasoma habari hii katika kitabu ningecheka. Siku ile nilitazama buti zangu.

Wageni hawakukaa. Bwana Tendwa akaondoka nao. Wanawake waliporudi na kuni, kijiji kizima kilikuwa kando ya maji. Mama Sauda alikuwa ameshika samaki mkononi.

"Hakimu amekaa?" akamuuliza Generoza. Hakukuwa na mtu aliyecheka. "Nakuuliza, mgeni. Amekaa?"

Generoza akatua kuni. Akachutama, akachota maji kwa kiganja akayanusa. Kisha akainua macho akanitazama. Hakutazama uso, alitazama mikono yangu. Utupa unaacha rangi kwenye kucha, haitoki kwa sabuni siku hiyo hiyo. Alijua palepale. Watu waliokuwa karibu wangejua pia kama wangefuata macho yake, lakini wao walikuwa wanamtazama yeye.

Angeweza kusema jina langu. Alinisubiri niseme mwenyewe. Kila mtu alipaza sauti pale, Warundi wametia sumu, tuliwaambia, na yeye amesimama katikati, mikono imelowa, ananisubiri. Nami nikakohoa, nikasema nitaandika ripoti.

Nilinyamaza siku tatu. Sikuwa nafikiri lolote la maana, nilikuwa naogopa kupoteza jina la Bwana Majani. Asubuhi ya pili nilipopita kibandani kwake nikakuta chupa zimepangwa mchangani mbele ya mlango. Kila nyumba ilikuwa imerudisha chupa yake, ikiwa na dawa ndani. Hazikuvunjwa, zilipangwa tu mstari mrefu mpaka kwenye njia. Ya Mama Sauda ilikuwa ya kwanza, naijua, ilikuwa na kizibo cha gunzi. Generoza alikuwa ndani. Nikaita hodi, hakujibu. Nikaondoka, na kwa kweli nilishukuru kwamba hakujibu.

Siku ya tatu mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano ufukweni, pale wanapoanika dagaa. Hoja ilikuwa wageni waliojenga karibu na maji waondolewe wote. Niliwaona akina mama wa Kirundi wamekaa upande mmoja na watoto wao migongoni, nikaona kwamba "sawa" yangu sasa inakwenda kuhamisha watu ambao hawakuwahi hata kuniona nikitwanga. Nikasimama.

Nikawaambia: utupa nilitia mimi, kwa mikono hii. Generoza hakuwepo. Hakimu sikumwita kwa makusudi. Niliambiwa nitie, lakini mdomo wa kukataa nilikuwa nao.

Halafu Mama Sauda akasimama.

"Wewe Sadiki wa Ujiji? Mtoto wa mvuvi?"

"Mimi, mama."

"Na siku tatu zote ulikuwa unatuangalia tu?"

"Nilikuwa nawaangalia tu."

Akatema mate mchangani. Kisha akafunga kanga yake vizuri, akatoka mkutanoni peke yake, akaenda mpaka kibandani kwa Generoza, akaokota chupa yenye gunzi akaiweka kwapani. Wanawake wengine wakamfuata, mmoja, wawili, mpaka mstari ukaisha. Hoja ya kuhamisha watu ikafa palepale, na hilo ndilo jambo pekee katika habari hii ninaloweza kulisimulia nikiwa nimenyoosha mgongo.

Lakini Generoza alikuwa ameshaomba kupelekwa kambini bara. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya boti ya siku iliyofuata. Nilimbebea kinu mpaka majini, akaniacha nibebe. Mawingu yalikuwa mazito juu ya ziwa, radi inanguruma upande wa pili. Nikamwambia nisamehe, bibi. Akasema amenisamehe, na naamini alisema kweli, maana hakuwa mtu wa kusema asichokuwa nacho. Nikapata ujasiri.

"Bibi, mvua inakuja. Lile jani..."

Akapokea kinu chake, akakiweka katikati ya miguu yake ndani ya boti.

"Kaa salama, Bwana Afisa," akasema.

Mvua ya kwanza ilinyesha jioni ileile. Siku mbili baadaye nikapanda mlima peke yangu. Kila kitu kilikuwa kimechipua: majani ya mviringo, ya msumeno, yenye manyoya, yenye utomvu, kijani mpaka macho yanauma. Nilichuma aina kumi na moja, nikazitwanga, nikazijaribu moja baada ya nyingine kwenye kopo. Hakuna iliyoshika tope. Baadaye nilikwenda kambini kumtafuta. Wakaniambia amehama na ndugu zake, hawajui wapi.

Niliendelea na kazi ya afya mpaka kustaafu, katika vijiji vingine na hapa mjini. Mwarobaini niliufundisha kila mahali, na nyinyi nawafundisha pia: twangeni, msichemshe, mwageni jioni, na Hakimu aingie ndooni kila mara, hata kama anayesubiri ni waziri. Zuhura amekubali kuwapeni sufuria moja ya zamani ya kuchanganyia sabuni. Mnaijua ni ipi.

Swali lenu la tatu sina jibu lake. Nilikuwa nimebakiza siku chache tu. Kwa sababu ya "sawa" ile, watu wa ufukwe ule hawakuniruhusu tena kumwaga hata maji ya kunawa kwenye dimbwi lao. Jina la Bwana Majani likaisha. Jani la masika sikulijua na silijui mpaka leo. Na mama aliyekuwa akiniita mwana wanje aliniaga kwa cheo.